Kompyuta Iliyokoroma Suna

Jumatatu, 9 Machi 1998. Suna, Migori.

Kompyuta mpya imefika. Ile ya zamani ilikufa Januari, paa lilipovuja juu yake usiku kucha, na asubuhi tukaiinamisha ikamwaga maji kama birika. Hii ni ndogo, inafunguliwa na kufungwa kama kitabu. Bwana Javan, mratibu wetu, ameibeba kutoka stendi kwa mikono miwili, hakutaka hata kusaidiwa. Ametukusanya sote wa Mradi wa Visima, yaani mimi mpiga chapa, Wangwe wa takwimu na Mama Truphena wa chai na usafi, akatusomea masharti. Hakuna kula karibu nayo. Hakuna bisibisi, maana chini ina karatasi ya muhuri, na ikichanika wafadhili hawatatuelewa. Orodha ya visima vyote vya Migori na Homa Bay iwe tayari tarehe thelathini Juni, la sivyo visima vya awamu ya pili vinapelekwa wilaya nyingine.

Itakaa mezani kwangu. Nimefurahi, sifichi.

Jumatano, 11 Machi.

Kitu cha thamani namna hiyo juu ya mbao tupu! Nimenunua uzi wa sufi, rangi ya chungwa na kijani. Nitakishonea kitambaa cha kroshia chenye matamvua pande zote nne.

Jumatatu, 16 Machi.

Kitambaa kimeisha na kompyuta imekaa juu yake kama bibi harusi. Truphena anasema ofisi imekuwa sebule. Bwana Javan amekisifu mbele ya wageni wawili wa kanisa, akasema kwake pia redio, televisheni na hata mtungi wa maji vina vitambaa vyao. Wangwe hakusema kitu. Wangwe ni Mkuria wa karibu na mpakani, mtu wa miaka arubaini na moja, na maneno huyatoa kama anayapima kwa kijiko.

Alhamisi, 19 Machi.

Mvua ya mawe mchana. Wangwe amekuja mezani kwangu, akainama, akachungulia chini ya kompyuta, akasema ina matundu huko na kitambaa kinayaziba. Nimemwuliza tangu lini mwanamume akanifundisha kupanga meza. Amerudi kwenye kiti chake.

Jumanne, 24 Machi.

Wangwe amekwenda Osiri kuhesabu visima na madimbwi ya wachimba dhahabu. Amepewa kompyuta aende nayo. Sikupenda, na nimesema sikupenda.

Ijumaa, 27 Machi.

Amerudi na tope hadi magotini. Kompyuta ilikuwa ndani ya mfuko wake, mfuko ndani ya karatasi ya nailoni, nailoni ndani ya koti lake, na yeye mwenyewe amelowa chepechepe. Anasema hakuifungua hata mara moja, kwa kuwa kule kuna mashine za kusaga mawe na vumbi jeupe linaruka hata wakati wa mvua. Aliandika kila kitu kwenye daftari. Nikamwambia basi alikuwa ameipeleka matembezi. Truphena alicheka mpaka akaweka chini sinia.

Alhamisi, 2 Aprili.

Kompyuta imeanza kutoa sauti. Bwana Javan anasema ni feni ya ndani, ile inayoipoza. Zamani ilikuwa mnong'ono tu, hata sikujua ipo. Leo inakoroma kama mlevi aliyelala chali.

Jumatatu, 6 Aprili.

Inakoroma. Nikiiwasha huanza kwa upole, na baada ya robo saa inapanda mpaka meza inatetemeka na kalamu zinatembea zenyewe. Truphena anasema amewahi kuuguza watu wa kifua waliopumua vizuri kuliko hiyo. Nimecheka, lakini nilipofika nyumbani sauti ilikuwa bado masikioni. Nimekula nikiisikia.

Jumatano, 8 Aprili.

Nimepata dawa. Nimekunja kitambaa changu kingine mara nne nikakiongeza chini ya kile cha kwanza. Meza haitetemeki tena na kelele imepungua nusu. Bwana Javan amenipongeza. Wangwe alikuwa mlangoni. Alitazama, akatoka nje kwenye mvua bila mwavuli.

Jumapili, 12 Aprili. Kosele.

Pasaka. Mwanangu Tony yuko nyumbani kwa likizo, amerefuka, suruali ya shule inaishia juu ya vifundo. Tumepalilia kaburi la marehemu baba yake. Sikuifikiria ile mashine siku nzima, isipokuwa jirani alipowasha posho mill yake ya kusaga mahindi.

Jumatano, 15 Aprili.

Leo imezimika yenyewe. Kioo kimekuwa cheusi bila kuaga. Nilikuwa nimeingiza visima vya tarafa mbili tangu asubuhi na sikuwa nimehifadhi. Nimeugusa mgongo wake nikaondoa mkono haraka. Nimekwenda nyuma ya choo nikalia, nikanawa uso, nikarudi kuanza upya.

Alhamisi, 16 Aprili.

Mara mbili.

Ijumaa, 17 Aprili.

Mara tano. Mvua haikatiki. Kila mtu ofisini sasa anaongea kwa sauti ya juu hata feni ikiwa imezimwa, na maneno ya kawaida yanatoka kama ugomvi. Nimemfokea Truphena kwa sababu ya kijiko.

Jumatatu, 20 Aprili.

Naandika haya kabla ya kuvua hata viatu, na sijui kama ni hasira au ni kitu kingine.

Saa tatu asubuhi Bwana Javan alituita ofisini kwake, akafunga mlango na dirisha. Kompyuta ilikuwa mezani kwake, ameifunga. Alisema Nairobi wamempigia simu kuuliza orodha imefika wapi, na yeye amelazimika kusema mashine ya wafadhili, ambayo haijamaliza hata miezi miwili, inazimika kila nusu saa. Wamemwuliza swali moja, nani ameiharibu. Na yeye anatuuliza sisi.

Bwana Javan akasema basi tufuate tarehe. Akaniuliza kabla ya Osiri ilikuwa na kelele? Nikasema hapana. Baada ya Osiri je? Nikasema ndiyo, ndani ya wiki moja. Nilisema kweli. Sikuongeza hata tone.

Akamgeukia Wangwe. Wangwe akasema, "Osiri sikuifungua." Bwana Javan akasema vumbi halihitaji mtu afungue, linaingia lenyewe. Wangwe akarudia maneno yale yale, kwa sauti ile ile. Halafu akanitazama mimi. Alinitazama kwa muda, sijui dakika nzima, kama mtu anayengojea chenji yake dukani. Nikamtazama na mimi. Nilijisemea, mtu asiye na hatia huongea, hujitetea, huapa kwa watoto wake. Huyu ananitolea macho. Nikaona ni macho ya hatia, na nikaona anataka nimhurumie.

Bwana Javan akauliza kama kuna mwenye la kuongeza. Wangwe bado ananitazama. Nikasema sina.

Amesimamishwa kazi bila mshahara, na mkataba wake unaoisha Juni hautaongezwa. Ana mabinti wawili sekondari, mkubwa wao, Phanice, yuko kidato cha tatu. Nimesikitika kwa ajili ya watoto. Lakini nimesikitika pia kwa visima, na kwa kazi yangu ya siku tatu iliyoyeyuka. Mtu akibeba mali ya wenyewe aibebe vizuri.

Jumanne, 21 Aprili.

Barua ya Wangwe ilitakiwa iwe na nembo ya mradi, na nembo iko ndani ya kompyuta. Kwa hiyo nimemwandikia mtu barua ya kusimamishwa kazi nikishindana na feni. Sasa inakaa hai dakika kumi na mbili tu. Mara ya kwanza ilizimika kwenye "uzembe". Mara ya pili nikaimaliza.

Nimeweka sahihi yangu kama shahidi. Wangwe aliisoma yote, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. Amechukua kikombe chake cha chai na kuondoka.

Ijumaa, 24 Aprili.

Dakika kumi na mbili, naingiza visima sita, nahifadhi kwenye disketi, nazima, nangoja saa nzima ipoe. Truphena anaipepea kwa kifuniko cha sufuria. Nimeifunika vizuri isipate vumbi lingine.

Jumatano, 29 Aprili.

Mvua. Visima kumi na vinane.

Jumatatu, 4 Mei.

Sasa takwimu nazisoma mwenyewe kutoka kwenye madaftari ya Wangwe. Sikuwahi kuyafungua, yeye ndiye alikuwa ananisomea. Mwandiko wake umesimama wima, hauna kufutafuta. Kwa kila kisima ameandika kina, ladha ya maji, na jina la mwanamke aliyemkuta akiteka, na alikotoka kwa miguu. "Bi. Marcella, saa moja na nusu kwenda, saa mbili kurudi na mzigo." Hakuna aliyemwagiza aandike hivyo.

Jumatano, 6 Mei.

Nimefika daftari la Osiri. Kurasa zimeumuka kwa maji na pembeni kuna alama za vidole vyenye tope. Kila ukurasa una tarehe na saa. Ametaja madimbwi thelathini na mawili, yote kwa mkono, bila kuruka siku wala saa. Nimejiuliza mtu aliyeandika yote haya kwa kalamu angeifungua kompyuta saa ngapi. Nikajijibu kwamba vumbi linaingia lenyewe. Nimejijibu hivyo mara tatu leo.

Ijumaa, 8 Mei.

Truphena amesikia sokoni kwamba Wangwe yuko Osiri, anafanya kazi ya mashimo. Mtu wa takwimu. Na mvua hii.

Nairobi wamesema fundi wao hawezi kuja kabla ya Julai. Bwana Javan amepiga hesabu ya siku zilizobaki, akafunga macho, akasema tuchane ule muhuri. Kuna fundi wa redio na taipureta Homa Bay anaitwa Mayaka, amewahi kufungua kompyuta. Mimi ndiye nitakayeipeleka, nikae papo hapo nihesabu kila skrubu.

Jumanne, 12 Mei. Homa Bay.

Kibanda cha Mayaka kiko nyuma ya soko. Ni mtu mnene, miwani imefungwa kwa waya wa simu, na ukutani redio zimepangwa wazi matumbo. Asubuhi wale wadudu wa ziwani, wanaoitwa sam, walikuwa wamekuja kama moshi, akanifungia ndani mpaka wapite. Akaiwasha kwanza aisikilize. Akaweka sikio lake juu yake, akafumba macho. Kelele ikapanda. Nikamwambia ni vumbi la mgodi, ilipelekwa Osiri na mtu mzembe. Ndivyo nilivyosema, mtu mzembe.

Akaigeuza, akauchana muhuri, akatoa skrubu kumi na moja nikizihesabu, akazipanga kwenye kifuniko cha Blue Band. Akainua bamba la chini. Akaangalia ndani. Halafu akaniambia nisogee.

"Hii si vumbi, madam," akasema.

Akaingiza kibano cha fundi saa, akavuta. Kilichotoka kilikuwa kirefu, kikaendelea kutoka, kimejizungusha kwenye mhimili wa feni mara nyingi hata kimekuwa kigumu kama kamba ya kiatu. Akakiweka kwenye kiganja changu. Rangi ya chungwa. Na katikati yake, nyuzi chache za kijani.

Akaniuliza kama kuna mtoto ofisini mwenye sweta ya rangi hiyo. Nikasema sijui. Hilo ndilo neno lililonitoka kinywani, sijui. Akaendelea kunieleza bila mimi kuuliza kwamba mashine hii inavuta hewa kwa chini, kwa hiyo mtu akiiweka juu ya kitu laini inakosa pumzi, na inavyokosa pumzi ndivyo inavyovuta kwa nguvu, na ikivuta kwa nguvu inakula chochote kilicholegea. Vumbi akanionyesha. Lilikuwa kidogo, la kawaida, la meza yoyote.

Akatia tone la mafuta ya cherehani, akafunga, akaiwasha. Niliinama nikidhani haijawaka. Ilikuwa kimya kabisa. Nilisikia watu wakibishana bei ya samaki wa ngege nje, na mvua ikianza juu ya mabati.

Ule uzi ameufunga kwenye kipande cha gazeti. Nimeutia kwenye mkoba wangu. Sikulala Kosele kama nilivyopanga, nimerudi Migori moja kwa moja.

Jumatano, 13 Mei.

Bwana Javan ameuliza lilikuwa nini. Nimesema imesafishwa. Akasema, "Vumbi lilikuwa jingi?" Nikasema chai yake inapoa.

Nimeondoa vitambaa vyote viwili mezani. Hakuna aliyeuliza.

Alhamisi, 14 Mei.

Visima arubaini kwa siku moja. Mashine haina sauti. Nilivyotamani ukimya huu, na sasa nashindwa kuukalia. Kelele ilikuwa inanifunika.

Ijumaa, 15 Mei.

Nimefikiri hivi. Orodha itaisha. Wangwe atapata kazi kwingine, ni mtu wa elimu. Nikisema, mimi nafukuzwa, na Tony yuko darasa la nane. Mjane hana kazi ya pili ya kurukia. Na sikukusudia, Mungu anajua sikukusudia.

Nimeandika hayo na nimeyasoma, na nimejionea aibu.

Jumamosi, 16 Mei.

Leo nimefungua daftari hili nyuma, nitafute siku kelele ilipoanza. Nilitaka kujiridhisha kwamba hakuna aliyeweza kujua. Nikafika tarehe kumi na tisa Machi.

Nimeisoma mara nyingi. Mwandiko ni wangu. Alisema. Alikuja mezani, akainama, akaniambia ina matundu chini na kitambaa kinayaziba, na mimi nikaandika jibu langu kwa furaha kama mtu aliyeshinda mchezo, kisha nikasahau kabisa kwamba lilikuwa na swali lake.

Yale macho ya tarehe ishirini Aprili hayakuwa ya hatia. Alikuwa ananingoja.

Jumatatu, 18 Mei.

Mvua kubwa tangu jana jioni. Saa nne Truphena aliingia na sinia, akasema shimo limebomoka Osiri na watu wamefukiwa. Nikamwuliza nani. Hakujua. Nikauliza upande gani. Hakujua. Bwana Javan yuko Kisumu kwenye mkutano hadi keshokutwa. Nilikaa nikitazama kioo, na jina la kisima lililokuwa mbele yangu sikuweza kulisoma. Nikachukua mkoba na mwavuli. Truphena akaniuliza nakwenda wapi nikiwa na viatu vya kisigino. Nikamwambia mtu akiniulizia aseme naumwa.

Jumanne, 19 Mei.

Jana sikuweza kuandika.

Niliteremka kwenye matatu barabarani nikatembea kwenye tope njia iliyobaki, viatu mkononi. Njia nzima nilikuwa nasema jina lake ndani ya kinywa, na nilikuwa nalipanga lile nitakalomwambia mkewe Susana, na kila nilivyolipanga lilikuwa uongo. Kwenye mashimo watu walikuwa wamesimama makundi makundi. Nilimshika mwanamke wa kwanza mkono, nikamwuliza kwa Kijaluo waliofukiwa ni akina nani. Akasema wamechimbuliwa wote wawili, wazima, mmoja amevunjika mguu, wote ni Wajaluo wa Nyatike. Nikashika mti wa kibanda.

Wangwe alikuwa chini ya turubai, amekalia gunia, anaponda mawe kwa nyundo. Nywele na nyusi zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Ni kwa vumbi la namna hiyo nilimwandikia ile barua. Nilikaa chini mbele yake na sketi yangu ya ofisi, nikafungua kile kipande cha gazeti.

Aliutazama ule uzi muda mrefu. Hakuugusa.

"Ni ya ile kitambaa," akasema.

"Ulijua."

"Nilikuambia mara moja, Mama Tony. Ukaniuliza kama ni mwanaume anakufundisha meza."

Nikamwuliza kwa nini hakusema siku ya kikao, pale mbele ya Bwana Javan, alipokuwa anaulizwa. Akaweka jiwe jingine juu ya lile bapa, akaligonga likagawanyika.

"Wewe ulikuwa umekaa hapo. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Ningesema mimi, ingekuwa Wangwe anatupia mwanamke makosa ndio ajiokoe. Sikutaka hiyo maneno initoke mdomo. Halafu ukaweka sahihi."

Nilimwambia sikujua. Nikaapa kwa Mungu na kwa mtoto wangu kwamba sikujua.

"Najua hukujua," akasema. "Ndio ilinikasirisha zaidi. Hata hukukumbuka kuna mtu alikuambia kitu."

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, hakusema hajanisamehe. Aliniuliza nimefika visima vingapi. Nikamwambia mia mbili na kumi na nne. Akasema kile cha Bi. Marcella nikiangalie, maji yake yana chumvi, na alipokihesabu alisahau kukiwekea alama.

Jumatano, 20 Mei.

Bwana Javan amerudi. Nimeweka uzi mezani kwake, juu ya gazeti lake, na kitambaa kando yake ili aone rangi ni ile ile. Nimesema yote, pamoja na tarehe kumi na tisa Machi.

Aliugeuza uzi kwa ncha ya kalamu. Halafu akaanza kwa upole, akasema mashine imepona, orodha inakwenda, kwa nini tuchimbue. Ripoti imeshafika Nairobi na imeandikwa vumbi la mgodini.

"Unataka niwaandikie sasa kwamba ni kitambaa?" akaniuliza. "Mimi mwenyewe nilikisifu mbele ya wageni."

Nikamwambia asipoandika yeye nitaandika mimi, kwa jina langu, na nitaambatisha uzi. Akaniuliza kama nafikiri kazi zinaokotwa barabarani. Nikasema Wangwe anaziokota Osiri. Akanitoa ofisini.

Alhamisi, 21 Mei.

Nimeandika. Kurasa mbili. Uzi nimeupiga stapla pembeni. Nimeiposta mwenyewe ili nisije nikabadili nia.

Jumatatu, 1 Juni.

Sikukuu ya Madaraka. Mvua imepungua. Hakuna jibu.

Jumanne, 9 Juni.

Hakuna jibu. Bwana Javan ananisalimia kwa kidevu. Truphena ananiletea vikombe viwili vya chai badala ya kimoja, hasemi kwa nini.

Jumatano, 17 Juni.

Simu kutoka Nairobi. Bwana Javan alikuwa anasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, huku akichora duara kwenye karatasi. Wangwe arudi kazini, alipwe miezi yake, barua itolewe kwenye faili. Kuhusu mimi, mratibu ataamua mwenyewe. Sijala mchana.

Jumatatu, 22 Juni.

Wangwe ameingia saa mbili kamili na kikombe chake. Amemsalimia Truphena, amenisalimia mimi, "Habari ya asubuhi, madam," akakaa. Madam. Zamani alikuwa ananiita Mama Tony. Kutoka mfukoni alitoa vipande viwili vya mbao alivyovipiga randa mwenyewe, laini kabisa, akaja akainua kompyuta, akaviweka chini yake, kimoja kulia na kimoja kushoto. Nikaona mwanga ukipita chini yake mpaka upande wa pili. Akarudi kwenye kiti chake akaanza kunisomea visima.

Ijumaa, 26 Juni.

Orodha imekamilika jana jioni, visima mia nne na tisa. Leo asubuhi Bwana Javan ameniita. Sikufukuzwa. Napewa onyo, la mwisho, na litakaa kwenye faili miaka miwili. Nilishukuru. Akasema barua iwe na nembo, nakala mbili, niiandike mwenyewe.

Nimejiandikia onyo langu. Nilipofika kwenye "uzembe" nilisimama nikasikiliza. Feni haikusikika. Nikaendelea.

Barua ilitaka shahidi, na Bwana Javan akamwita Wangwe. Aliisoma neno kwa neno, kidole kikifuata mistari, mimi nimesimama mbele yake kama mtoto wa shule. Nilifikiri ataikunja. Akachukua kalamu, akaweka sahihi yake pole pole, akanirudishia. Nilikuwa nimegeuka kwenda zangu aliposema,

"Mama Tony, ile kitambaa yako, kama huitaki, nipe mimi. Redio yangu haina feni."

Nikamwambia nimekifua, kiko kwenye kamba nyumbani, lakini kwa mvua ya jana bado hakijakauka. Akasema hakuna haraka, atangoja.